Unacheza Nini Chuoni?

 

Wiki moja kabla vyuo havijafunguliwa, binti wa kaka yangu alikuja nyumbani kuniaga. Amepata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, na ukoo mzima umefurahi. Alinikuta jikoni, akachukua ungo, tukawa tunachambua mchele pamoja. Nikamwuliza kama ameshapata ndoo na pasi, kama fomu za bweni ameshazijaza. Kila swali alinijibu "ndiyo, Shangazi", lakini mawazo yake yalikuwa mbali. Mwishowe akalitoa lililomkaa kifuani: "Shangazi, mimi sichezi chochote. Nitaishije chuoni?"

Akanionyesha simu yake. Wanafunzi wapya wamefunguliwa kundi la WhatsApp, na wale waliowatangulia wanawakaribisha kwa picha. Vijana wamebeba kombe. Wasichana wa netiboli wamekumbatiana, jasho likiwatiririka. Bonanza, watu mia na zaidi wamevaa fulana za rangi moja. Na chini ya picha hizo maneno: haya ndiyo maisha ya chuo. Nilizipitia zote mpaka mwisho, sikuona hata moja ya mtu aliyekaa tu na wenzake wanazungumza.

Swali la binti huyu sikulichukulia kama la kitoto, maana nililibeba mimi mwenyewe nilipokwenda Mlimani miaka ya tisini. Nililibeba kutoka sekondari. Shule sitaitaja. Kila Ijumaa mchana ilikuwa michezo, na viongozi wawili wa timu walisimama mbele wakituchagua mmoja mmoja: wewe njoo huku, wewe njoo kule. Mimi nilikuwa nabaki mwishoni. Kuna siku tulibaki wawili, na kiongozi mmoja akamwambia mwenzake, "Wachukue wote wewe." Watu walicheka, mwalimu naye akacheka. Ukishapitishwa hapo ukiwa na miaka kumi na minne, unajiwekea moyoni kwamba viwanja ni vya watu wengine, na kwamba popote penye viwanja, furaha pia ni ya hao watu wengine.

Basi nikafika Mlimani na fikra hiyo. Mwenzangu wa chumbani alikuwa mchezaji wa netiboli. Ikifika saa kumi na nusu alasiri, anafunga daftari, anachukua raba zake mkononi, anaondoka. Mimi nabaki kitandani na madesa yangu, yaani karatasi za masomo. Saa moja usiku namsikia kabla sijamwona, kicheko chao kinapanda ngazi, watu watano au sita, wana njaa, wanabishana nani alikosea nini. Wanaingia chumbani, wanakula kilichopo, wanasimuliana, wanaondoka. Chumba kinabaki kimya kuliko kilivyokuwa kabla hawajaingia. Nilikuwa nikimwonea wivu, msikilizaji. Nasema kweli. Na nilijua sababu ya wivu wangu: yeye anajua kucheza, mimi sijui.

Siku moja, nadhani ilikuwa wiki ya tano au ya sita, nilimfuata. Nikakaa kwenye nyasi kando ya uwanja, nikasema leo nitamwona akicheza. Mchezo ukaanza, robo ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha. Mwenzangu yuko nje. Alikuwa wa akiba. Alishika chupa za maji, akawapa wenzake taulo, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Aliingia dakika za mwisho, timu ikiwa imeshashinda, akagusa mpira mara mbili au tatu hivi. Na jioni ile alirudi chumbani na kicheko kilekile cha siku zote.

Nilikaa na jambo hilo usiku kucha. Mtu hakuwa anacheza! Kwa hiyo furaha niliyokuwa nikiisikia ikipanda ngazi haikutoka kwenye mpira. Ilitoka wapi? Jibu lilikuja kesho yake bila mimi kulitafuta. Alikuwa na homa, hakwenda uwanjani. Saa moja na nusu mlango ukagongwa. "Leo mbona hukuja? Unaumwa?" Walikuwa wanne, mmoja ana machungwa. Nikahesabu siku zangu tangu nifike pale mlimani. Mimi ningeumwa siku tatu, nani angegonga mlango kuniulizia?

Hapo ndipo ninaposimama jioni ya leo. Mwanafunzi hahitaji kuwa mwanamichezo ili aonje utamu wa chuo. Anahitaji mahali ambapo asipotokea, watu wataona pengo. Timu ya mpira ina saa yake na uwanja wake, na idadi yao inajulikana, saba wa netiboli au kumi na mmoja wa soka, kwa hiyo asiyekuja anaonekana mara moja. Ndiyo maana wanamichezo wanaanza maisha ya chuo wakiwa mbele yetu. Miadi wamepewa tayari, sisi wengine inabidi tuitafute.

Na waliokwisha kuitafuta pale pale Mlimani ni wengi, tena wakongwe. Chuo kile kilianza Oktoba 1961 katika jengo la mjini, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wachache mno wa sheria, kikiwa tawi la chuo kikuu cha London. Kilihamia mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1967, kundi dogo la wanafunzi waliokuwa na hamu ya ukombozi wa Afrika waliunda umoja wao. Mwenyekiti wao wa kwanza alikuwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Walimu kama Walter Rodney walikaa nao. Jumapili, wakati wenzao wamelala au wamekwenda pwani, hawa walikuwa na madarasa yao ya itikadi, wanasoma, wanabishana. Mwaka 1969 wakaanzisha jarida, wakaliita *Cheche*. Walilichapa kwa taipu na kulitoa kwa mashine ya kurudufia, kurasa wakazipanga kwa mikono. Mwaka uliofuata serikali ikaupiga marufuku umoja wao pamoja na jarida.

Unaweza ukakubaliana na siasa zao au usikubaliane. Mimi naitazama ile meza ya kupangia kurasa. Mikono imejaa wino, mmoja anapanga ukurasa wa tatu, mwingine wa nne, na yule wa ukurasa wa tano asipokuja, kazi inakwama. Ile ni timu. Hawakuhitaji goli wala filimbi.

Mlima huohuo ulikuwa pia na vijana wa sanaa za maonyesho. Ebrahim Hussein alisomea hapo, na *Kinjeketile* yake, iliyochapishwa mwaka 1969, imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari hapa nchini. Ukivuka mpaka kwenda Makerere, mwaka 1962 Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mwanafunzi tu. Novemba ya mwaka huo wanafunzi wenzake wa chama cha maigizo walipanda jukwaa la Jumba la Taifa la Maonyesho, Kampala, wakaigiza mchezo wake wa *The Black Hermit*, Uganda ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Fikiria mazoezi yao! Jioni ngapi walikaa pamoja, nani alisahau maneno, nani alichelewa akasubiriwa.

Nimesema "mchezo wake", na sikuteleza ulimi. Lugha yetu hii ina hekima ambayo picha za lile kundi la WhatsApp zimeikosa. Mpira ni mchezo. Tamthilia jukwaani ni mchezo wa kuigiza. Bao ni mchezo, drafti ni mchezo. Ngoma tunaicheza. Na kina mama wa mtaani kwangu wanaochangiana fedha kila wiki, leo apewe huyu, kesho yule, wakiulizwa wanafanya nini husema, "Tunacheza mchezo." Mswahili hakulifungia neno hili uwanjani. Ukiyatazama matumizi yote hayo, kinachorudi kila mara ni watu kukutana na kupokezana zamu. Jasho si sharti.

Tena wanafunzi wenyewe wamekwenda mbali zaidi. Muulize mwanafunzi wa chuo chochote Tanzania neno "msuli" lina maana gani. Hatakuonyesha mkono wake. Atakuambia ni kusoma: "Leo napiga msuli mpaka asubuhi." Kwao anayekesha na vitabu ndiye anayetumia msuli.

Hapo hapo lakini nina onyo, na nalitoa kwa sababu niliwahi kuponzwa. Msuli unaweza kuwa maficho. Mwaka wangu wa kwanza niliwaambia watu kwamba sina muda, nasoma, naogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba niliogopa kubaki mwishoni tena, kama ile Ijumaa. Kitabu hakikuchagui wala hakikuachi, na mtu mwenye kidonda atakipenda kwa sababu hiyo. Nilifaulu vizuri mwaka ule, na ndio mwaka ninaoukumbuka kwa uchache kuliko yote. Nikijaribu kuukumbuka naona dari la chumba.

Kilichonitoa ni kwaya. Dada mmoja wa ghorofa ya chini alinisikia nikiimba nafua nguo, akaniambia, "Jumamosi saa tisa njoo, sauti ya pili tuko wachache." Nilikwenda kwa sababu nilishindwa kukataa. Mazoezi yalikuwa mabaya, tulirudia mistari minne kwa saa nzima. Jumamosi ya tatu sikwenda, nilikuwa na jaribio Jumatatu. Jumapili mwalimu wa kwaya aliponiona njiani hakunilaumu, alisema tu, "Jana sauti ya pili ilipwaya." Mwalimu yule hajui mpaka leo alichonifanyia. Nilikuwa nimeishi pale miezi minane bila mtu kuniambia kwamba nisipokuwepo kitu kinapwaya.

Sasa kuna watakaosema: lakini mwanamichezo hana shida hizo, yeye furaha yake imehakikishwa. Haijahakikishwa, msikilizaji. Afrika Mashariki tuna watu waliokwenda vyuo vya Marekani kwa sababu ya miguu yao. Suleiman Nyambui wetu alikuwa mwanafunzi kule El Paso, Texas, na mwaka 1980 akatwaa medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow. Na Mkenya Henry Rono alikuwa chuo kikuu cha jimbo la Washington. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Sijui kama kuna mwanafunzi mwingine aliyewahi kuwa na msimu kama ule. Lakini Rono mwenyewe alisimulia baadaye maisha yake jinsi yalivyokuwa, jinsi pombe ilivyomtawala kwa miaka mingi mpaka akakosa hata pa kulala. Alifariki mwaka 2024, na kabla ya hapo alikuwa amejinasua na kuwa kocha. Simsemi kwa ubaya, ni shujaa wetu. Namtaja kwa sababu dunia nzima ilikuwa inamtazama akikimbia, na kutazamwa na watu elfu hamsini si sawa na kugongewa mlango na mmoja mwenye machungwa.

Niseme na jambo la wasichana, maana hapa ndipo ninapokereka. Tunawaambia washiriki michezo, kisha tunawapa uwanja wa saa kumi na mbili jioni na njia ya kurudi bwenini isiyo na taa. Mazoezi yakichelewa kidogo giza linawakuta njiani. Wapo wanaovaa hijabu ambao jezi waliyogawiwa haikuwafikiria. Wapo wanafunzi wenye ulemavu ambao kwenye ratiba ya bonanza nafasi yao ni kupiga makofi. Na wapo wengi, wa kike na wa kiume, ambao saa kumi na nusu wanakwenda kwenye kibanda cha uwakala wa fedha za simu, au wanasuka nywele za watu vyumbani, kwa sababu bumu, ile fedha ya mkopo, halitoshi. Fedha ya chakula na malazi anayopewa mwenye mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku, na si kila mwanafunzi ana mkopo. Humo atoe chakula cha siku nzima, nauli, vocha. Raba za kuchezea atazitoa wapi? Mtu kama huyo ukimwambia hana maisha ya chuo kwa sababu hachezi, umemwonea.

Ninyi mnaopanga wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya, nawaomba kitu kimoja. Siku ile ya vyama na vikundi, msiweke meza ya timu mbele na vikundi vingine nyuma ya jengo. Muwekeni anayefundisha bao pale mlangoni. Muwekeni wa mdahalo, wa kwaya, wa kuchangia damu, wa kuandika mashairi. Na kila meza iandikwe saa na mahali pa kukutana, kwa herufi kubwa. Mwanafunzi mpya mwenye aibu hawezi kuuliza, lakini kusoma bango anaweza.

Kuhusu mwili, sipingi madaktari. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za kujishughulisha kwa wiki, mwendo wa wastani tu, na mwendo wa miguu unahesabika. Anayeishi Mlimani anapanda na kushuka kutoka bwenini kwenda kumbi za mihadhara za Yombo, kutoka Yombo kwenda maktaba, akipita chini ya miti yenye tumbili, mpaka ukumbi wa Nkrumah, ule ambao picha yake tuliizoea nyuma ya noti ya shilingi 500. Akitembea hivyo kwa haraka kila siku, dakika zake atazipata kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo suala la afya na suala la kuwa mwanamichezo ni mambo mawili, tusiyafunge kamba moja.

Wala sisemi watu wakimbie viwanja. Nilipofika mwaka wa tatu nilijaribu mpira wa wavu, jioni za Jumatano, na watu wasiojua kama mimi. Tulicheza vibaya sana. Mpira ulikwenda vichakani zaidi kuliko ulivyovuka wavu. Na nikagundua kwamba ile sauti ya "wachukue wote wewe" ilikuwa imenidanganya miaka yote: uwanja haukuwahi kuwa mali ya wanaojua. Wasiojua wana haki ya nyasi ileile, mradi hakuna anayewachagua wa mwisho. Laiti mtu angeniambia hilo mapema. Lakini nilikwenda pale nikiwa tayari nina watu wangu, na ndiyo maana sikuogopa kuchekwa.

Basi jioni ile jikoni nilimwambia binti yangu: usiulize unacheza nini. Katika wiki tatu za kwanza tafuta kitu kimoja tu chenye siku na saa, chenye watu wasiozidi ishirini, na kazi ndogo ambayo ni yako peke yako. Ukienda mara nne ndipo uamue kama unakipenda, maana mara ya kwanza hakuna anayependa kitu. Akachambua mchele wake kimya, akasema, "Sawa, Shangazi." Sikujua kama amenielewa au amenistahi tu.

Jumamosi iliyopita nikampigia simu. Nilisikia kelele nyingi nyuma yake, filimbi, watu wanashangilia, nikashangaa. Nikamwuliza, "Mwanangu, kumbe siku hizi unacheza?" Akasema, "Hapana, Shangazi, tuko wa huduma ya kwanza. Nitakupigia baadaye, boksi la bandeji liko kwangu na mechi inaanza." Akakata.